Mama Mkwe wa Shimo la Kumi na Saba

Kwenye uwanja wetu wa gofu kila mahali pabaya pana jina, na majina hayo hayakutolewa na kamati. Yalitolewa na watu waliotiwa adabu. Kidimbwi cha shimo la sita kinaitwa Benki, kwa sababu kinapokea kwa haraka ila kutoa ni mpaka uje na mwanasheria. Vichaka vya nyuma ya shimo la tatu vinaitwa Kituo cha Polisi: unaingia kutafuta kilicho chako, unatoka na maelezo marefu na suruali iliyochanika. Na pale shimo la kumi na saba, kushoto kwa grini, yaani ule mkeka wa nyasi fupi ambapo bendera husimama, kuna shimo kubwa la mchanga lenye kina cha kumfunika mtu mzima hadi masikioni. Ukuta wake wa mbele umesimama wima. Hilo linaitwa Mama Mkwe. Unaingia kwa adabu, na hutoki mpaka aridhike.

Mimi sichezi. Mimi ndiye mwenye jiko la klabu: chai, mayai, mikate ya kuchoma, na kelele kwa wasiorudisha vikombe. Lakini dirisha la jiko linatazama shimo la kumi na saba lote, kwa hiyo nimeona mengi. Nimemwona hakimu akiutukana mchanga kama mtu aliyemwibia. Nimemwona daktari wa meno amepiga magoti mle ndani, na hakuwa anasali. Wakija kuagiza chai baadaye huwa nawaongezea sukari bila kuulizwa, maana mtu aliyetoka kwa Mama Mkwe ni mgonjwa.

Niliyemhurumia kuliko wote ni mume wangu.

Zamani alikuwa ndiye mchezaji bora wa klabu, na sisemi hivyo kwa sababu namfulia nguo. Siku ya fainali alikuwa anaongoza, watu wamejaa pembeni, mpira wake ukaenda kushoto ukaingia mle. Angeweza kuutoa kwa nyuma, upande wa chini usio na ukuta, akapoteza pigo moja na maisha yakaendelea. Lakini bendera ilikuwa mbele, na mwanamume anayetazamwa hapendi kugeuka nyuma. Akapiga kuelekea bendera. Mpira ukapanda ukuta, ukasita, ukarudi. Akapiga tena, ukarudi tena. Watu wakaanza kuhesabu, kwanza kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti moja kama darasa la watoto. Walipofika saba mtu mmoja akacheka, na kicheko kinaambukiza. Mume wangu akauokota mpira kwa mkono, akatoka, akapita katikati yao, akaenda nyumbani kwa miguu. Mfuko wake wa fimbo aliuacha palepale. Niliubeba mimi, na nilipokuwa naubeba niliwaambia wale watu maneno ambayo mwenyekiti aliniomba nisiyarudie tena katika maeneo ya klabu.

Tangu hapo wakamwita Mkwe. Hata watoto wa mtaani wasioijua gofu humwamkia, "Shikamoo, Mkwe!" naye huitikia kama vile ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mimi lilikuwa likinichoma. Niliwahi kumnyima chai mjumbe mzima wa kamati kwa sababu ya jina hilo. Nilimwambia gesi imeisha, na birika linachemka mbele ya macho yake.

Gofu akaiacha, akabaki na karakana yake ya vioo. Ni chumba kirefu chenye meza iliyovikwa blanketi kuukuu, na vioo vimeegemezwa ukutani kiasi kwamba ukiingia unajiona uko wengi. Alikata vioo vya madirisha, vya makabati, vya vinyozi. Alikuwa fundi hasa, tena mpole kwa wateja. Ila ukimwambia habari za uwanjani anaanza kutafuta kitu ambacho hakijapotea.

Kisha mwalimu wa zamani wa klabu akastaafu kwa sababu ya magoti, na kamati ikatangaza nafasi yake. Anayetaka kuwa mwalimu lazima afaulu mtihani wa kucheza: mashimo yote kumi na nane, mtahini akitembea naye, na mapigo yasizidi kiwango kilichowekwa. Mchana wa siku ya tangazo nilipompelekea mume wangu chakula, nilimkuta dada yake mkubwa ameshafika karakanani.

Huyu wifi yangu ndiye mkuu wa nyasi pale klabuni. Yeye huamua nyasi zikatwe fupi kiasi gani na maji yafunguliwe lini, na kila asubuhi, kabla wachezaji hawajafika, hukata kijishimo kipya kwenye kila grini na kuihamishia bendera huko. Hata mwenyekiti hajui bendera ya kesho itasimama wapi. Walishamjaribu kwa maneno matamu, kwa zawadi na kwa vitisho, wakachoka. Ni mgumu kama soli ya buti. Mimi na yeye tunapendana kwa kugombana, kama mawifi wote wenye afya njema.

"Jiandikishe," alikuwa anamwambia.

Mume wangu hakujibu, kwa sababu alikuwa na kioo mezani, na kioo hakikatwi huku unaongea. Unapitisha kile kigurudumu cha kukatia mara moja tu, kwa mkono uleule, bila kusita. Ukirudia mstari, kioo kitapasuka kinavyotaka chenyewe. Akapitisha. Akagonga kidogo kwa chini, kipande kikaachia.

"Nimesikia," akasema.

"Umesikia, au utaenda?"

"Dada, kuna shimo la kumi na saba."

"Lipo. Nalichana mchanga wake kila siku. Halijawahi kumla mtu."

"Lilinila mimi."

Nikaweka bakuli mezani. Wifi akabaki anajitazama kwenye kioo cha kinyozi. Mume wangu alifuta mikono, akasema, "Nafundisha watoto wa watu kukata vioo hapa, wananielewa. Ningependa kufundisha na ule mchezo. Ningependa sana." Akasema "sana" kwa sauti ndogo, kama anayeomba chumvi kwa jirani. Nilitamani kumkumbatia lakini alikuwa na vumbi la kioo.

Basi akajiandikisha. Kila alfajiri alikuwa uwanjani kabla ya kufungua karakana, nami nikimwona dirishani. Mkono ulirudi taratibu. Mipira yake ikaanza tena kwenda ilikotumwa. Nilikuwa nakaanga mayai huku naimba, mpaka wateja wakaanza kuuliza kama nimepata ujumbe mzuri kutoka kwa mtu.

Kitu kimoja tu hakukigusa. Kwa Mama Mkwe hakuingia hata siku moja. Kila akifika shimo la kumi na saba alipiga kulia, mbali kabisa na mchanga.

"Ingia humo hata mara moja uzoee," wifi alimwambia wakinywa chai kwangu. "Utoke, umalize."

"Siingii. Anayekaa mbali na mto haliwi na mamba."

"Na ukija kuteleza?"

"Sitateleza."

Alisema hivyo akicheka, lakini kikombe alikishika kwa mikono miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa anashtuka bila hata ung'ongo. Wiki ya mtihani ilipofika akaacha kula. Kioo cha meza alikikata kifupi, mteja akakirudisha, jambo ambalo halijawahi kutokea. Siku moja kabla ya mtihani nilimkuta ukumbini ametandika gazeti sakafuni, anasafisha fimbo zake. Nikazitazama. Zilikuwa zinang'aa. Alikuwa anasafisha fimbo safi.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Subira ni mali ya watu wengine, mimi sikugawiwa. Nikavaa kanga juu ya nguo za kazi, nikaenda moja kwa moja kwenye banda la mashine.

Wifi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ananoa kile chombo chake cha kukatia mashimo: bomba la chuma lenye makali, mpini wake umekaa juu kama herufi T. Banda lilinuka petroli na nyasi mbichi.

"Wifi, nina ombi."

"La chumvi au la sukari?"

"La bendera."

Tupa ikasimama mkononi mwake.

"Najua siku ya mtihani bendera ya kumi na saba hukaa kushoto. Kesho iweke kulia," nikasema. "Kulia kabisa, mbali na lile shimo."

"Mtu akija jikoni kwako kukuambia utie chumvi kiasi gani, unamfanyaje?"

"Namfukuza. Lakini huyu ni mdogo wako."

"Ndiyo sababu nakataa." Akapuliza vumbi la chuma kwenye makali. "Tena kulia siko kuzuri kama unavyofikiri. Kule juu kuna mteremko. Mtu akiipita bendera, mpira wa kurudi haushikiki. Watu wanamwogopa Mama Mkwe kwa sababu anaonekana. Mteremko hauonekani, na ndio unaowapeleka kwake."

"Wewe unatetea mteremko, mimi natetea mume."

"Huyo mume wako alikuwa mdogo wangu kabla hajawa mume wako. Mgongoni nilimbeba mimi."

"Basi mbebe na kesho."

Akarudi kwenye tupa yake, kwaru, kwaru, kwaru, kama sipo. Nikaondoka kwa hasira, na mlango ningeubamiza kama lile banda lingekuwa na mlango.

Asubuhi ya mtihani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua dirisha. Bendera ilikuwa kulia. Kulia kabisa, nyekundu, inapepea kama nguo mpya kwenye kamba. Nusura nipige vigelegele. Nikatengeneza chai ya maziwa, nikajaza sukari, nikaipeleka mwenyewe mpaka kwa wifi aliyekuwa anachana mchanga kwa reki.

"Wewe mwanamke," nikamwambia, "leo ungeniomba hata figo ningekupa."

Akaipokea chai bila kunitazama. Akaishika tu.

"Mbona hunywi?"

"Imepoa."

"Nimeitoa motoni sasa hivi, wifi."

Akanirudishia kikombe, akachukua reki yake, akaenda zake. Nikasema moyoni, huyu naye hajui kupokea shukrani.

Mume wangu akaja na mfuko wake begani, shati limenyooshwa mpaka linakata. Mtahini alikuwa mama mmoja mrefu mwenye kofia pana na maneno machache, mtu wa heshima zake. Wakasimama barazani kusubiri saa. Mume wangu akatupa macho kule chini shimo la kumi na saba. Akaiona bendera. Akaitazama muda mrefu, kisha akageuka akanitazama mimi dirishani, kisha akatazama kule dada yake alikokuwa ameinama na reki. Nikampungia mkono wenye mwiko. Hakunipungia. Nikadhani ni wasiwasi wa mtihani.

Habari zake zikawa zinanifikia jikoni na wachezaji waliokuja kunywa chai. Anacheza kwa utulivu, wakasema. Kapita Benki bila kuacha kitu. Kituo cha Polisi hakikumwona. Kila habari nilimlipa aliyeileta kwa yai la ziada. Hatimaye nikawaona wenyewe wakitokea kwenye miti, yeye na yule mama wa kofia, wanaliendea shimo la kumi na saba. Mjumbe wa kamati aliyekuwa kaunta akanong'ona kwamba mume wangu amebakiwa na mashimo mawili na mapigo tisa ya kuyamaliza. Mashimo hayo kwa kawaida humalizwa kwa saba. Nikazima jiko, nikatoka na aproni yangu, nikateremka.

Wifi alikuwa amesimama pembeni ya grini, ameishika reki kama mkongojo. Nikasimama karibu naye. Nilitaka kumshika mkono wa furaha, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Mume wangu akapiga. Mpira ukaruka juu, mzuri, mweupe, ukaenda kulia kama kawaida yake, mbali na mchanga. Ukaipita bendera, ukatua kule juu ya grini. Mama Mkwe akabaki upande wa pili, hana habari. Nikavuta pumzi. "Umeona?" nikamwambia wifi. "Umeona?"

"Kaipita," wifi akasema.

Mume wangu akafika na fimbo ya kusukumia. Akasimama nyuma ya mpira, akatazama chini kuelekea shimo. Nilikuwa nimemtazama akifanya hivyo mara nyingi, kila mara huinama, hupima, huinama tena. Safari hii hakupima. Akausukuma.

Mpira ukaenda, ukapita kando ya kijishimo, nami nikasema haidhuru, atarudisha. Haukusimama. Ukaendelea polepole, kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, akijua anachokwenda kununua. Ukavuka katikati ya grini. Nikaanza kuusemesha kimoyomoyo: simama, simama hapo, simama mwanangu. Ukafika ukingoni, ukasita kidogo, ukadondoka. Tulisikia ulivyotua kwenye mchanga. Sauti ndogo tu.

Nilimgeukia wifi nikiwa na maneno mdomoni, na Mungu anajua yalikuwa maneno gani. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka yule mwanamke mgumu, na hakuyafuta. Nikayameza.

Mume wangu akasimama juu ya ukuta akitazama chini. Hakukuwa na umati kama siku ile. Kulikuwa na mtahini, sisi wawili, na watu wachache waliotoka barazani. Hakuna aliyehesabu. Akachukua fimbo ya mchanga, akateremka kwa ule upande wa chini, akatuzamia. Ikabaki kofia yake tu.

Akapiga. Mchanga ukaruka. Mpira ukatokeza juu ya ukuta kiasi cha kuona jua, ukarudi ndani.

Sheria za gofu hazina huruma: mtu yuko shimoni, unajua njia ilipo, na mtazamaji hana ruhusa ya kumwelekeza. Lakini mimi sikuzaliwa na sheria za gofu. Nikafungua mdomo nimpigie kelele, geuka, baba, toka kwa nyuma! Mkono wa wifi ukaniziba kinywa, na udongo wake wote. Tukasimama hivyo, mawifi wawili, mmoja kamshika mwenzake kinywa kama mateka.

Kofia haikusogea. Ikakaa palepale, mpaka mtu mmoja akaanza kukohoa. Kisha nikaiona inageuka. Ikageuka kabisa, bendera ikabaki nyuma ya kisogo chake. Akapiga kuelekea kule alikoingilia, kule kusiko na bendera wala sifa, na mpira ukatoka taratibu ukakaa kwenye nyasi. Akatoka nyuma yake akiwa na mchanga kwenye nyusi. Kabla ya kupiga tena aliomba reki. Alimwomba dada yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa nayo, akarudi mle ndani akafukia nyayo zake zote kama desturi inavyotaka, bila haraka. Kisha akapiga mpira ukapanda grini, akausukuma ukaingia.

Mapigo sita. Kati ya tisa aliyokuwa nayo yakabaki matatu, na shimo la kumi na nane ni la mapigo manne kwa mchezaji mzuri. Alilicheza vizuri. Pigo la tatu lilienda sawasawa, tukainua mikono, na mpira ukasimama mdomoni mwa shimo, unachungulia. Akaugusa ukaingia. Mtahini akajumlisha, akajumlisha tena kwa huruma, akavua kofia. Pigo moja. Alishindwa kwa pigo moja. Akamwambia anaweza kurudia baada ya miezi sita, kwa kuwa klabu ilikuwa imekubali kusubiri, na akampa mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Nyumbani tulikaa watatu sebuleni, chai imepoa kweli safari hii. Wifi ndiye aliyeanza.

"Nilikata shimo lile huku najua," akasema. "Asubuhi niliweka chombo kushoto, mahali pake. Nikakuona wewe unahesabiwa na watu. Nikakiinua nikaenda kulia. Miaka yote hii sijamwekea mtu bendera, mdogo wangu, na nilipoiweka nikakuua."

"Ni mimi niliyemwomba," nikasema. "Tena alinionya habari za mteremko. Mteremko nikauona maneno ya ubishi."

"Wewe uliomba, aliyekata ni mimi."

"Nisingekuomba usingekata."

"Kwani nina umri gani wa kutumwa na wewe?"

Tukaligombania lile kosa kama wageni wanaogombania kulipa chai, sauti zikapanda, mpaka mume wangu akaweka kikombe chini.

"Haukuwa mteremko," akasema.

Tukamgeukia wote wawili.

"Ule mteremko naujua. Nimeucheza ujana wangu wote. Pale mpira hausukumwi, unaguswa tu." Akatazama mikono yake. "Niliusukuma kwa hasira. Tangu asubuhi barazani nilipoiona ile bendera, nilijua. Siku ya mtihani haijawahi kukaa kulia. Nikajua mmekaa mkaongea, mkakubaliana kwamba siwezi."

"Hatukusema huwezi," nikasema haraka. "Mimi nilikuonea huruma tu."

"Najua. Nilitembea mashimo kumi na sita na huruma yenu mfukoni. Nilikuwa nacheza vizuri, na kila nikicheza vizuri nasema, hawa hawakutegemea." Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililoniumiza. Angefoka ningejua la kufanya, kufoka ndiyo lugha yangu. "Mngeniuliza tu. Mngeniuliza, ningewaambia iacheni kushoto."

Wifi akafunika uso kwa viganja. Mimi nililia waziwazi, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka jinsi nilivyompungia mwiko. Mwanamume amesimama barazani anagundua kwamba mkewe hamwamini, na mkewe yuko dirishani anapunga mwiko.

"Pole," nikasema.

"Nimeshapoa," akasema. "Mle ndani ndimo nilimopoa. Pigo la kwanza bado nilikuwa nawapiga nyinyi. Halafu nikaona, mbona hapa ni mchanga tu." Akatucheka kidogo, nyuso zetu zilivyokuwa. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miezi sita si mingi."

Ilikuwa Jumapili iliyofuata, na Jumapili jiko halifunguliwi mapema. Nikaamka nikamkuta ameshavaa, mfuko wa fimbo uko mlangoni na ndoo ya mipira ya mazoezi.

"Twende," akaniambia.

"Niende wapi mimi? Sijui hata kushika fimbo."

"Twende tu."

Tukateremka mpaka shimo la kumi na saba. Bendera wifi alikuwa ameirudisha kushoto, karibu kabisa na ule ukuta, hata mimi nisiyecheza niliona kuwa ni ukatili. Mume wangu akamwaga mipira yote kwa Mama Mkwe, akaingia, akaniambia nisimame juu, mahali walipokuwa wamesimama wale watu siku ya fainali. Nikasimama. Akajipanga kuelekea bendera, nami bila kujua nikageuza uso nikatazama miti.

"Nitazame," akasema kutoka chini.

"Nakutazama."

"Unatazama miti."

Nikamgeukia. Akapiga. Mpira ukapanda, ukagonga ukuta, ukarudi mpaka miguuni pake. Akainua macho kuona kama bado namtazama. Nilikuwa namtazama, machozi yananitoka, sikugeuza uso. Akausogeza mpira kwa ncha ya kiatu, akapiga tena.